Watu Watatu Ndani ya Gari Moja: Imani, Hofu na Utumishi katika Uganda ya 1977

Tarehe 17 Februari 1977 Radio Uganda ilitangaza kwamba watu watatu waliokamatwa siku iliyotangulia wamefariki dunia katika ajali ya gari. Taarifa ya serikali ilieleza kwamba walikuwa wakipelekwa kuhojiwa, wakajaribu kumzidi nguvu dereva, gari likayumba, wote watatu wakapoteza maisha. Dereva alinusurika. Waliotajwa walikuwa Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana la Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Erinayo Oryema, Waziri wa Ardhi. Na Charles Oboth-Ofumbi, Waziri wa Mambo ya Ndani.

Ni wachache walioisadiki taarifa hiyo. Jeneza la Askofu Mkuu lilipelekwa kijijini kwake Mucwini, Kitgum, chini ya ulinzi wa askari, na watu wa nyumbani walipopata nafasi ya kulifungua waliona matundu ya risasi. Ajali za magari ziko za kila namna, ila hakuna inayoacha alama za aina hiyo mwilini mwa abiria.

Kila ifikapo tarehe 16 Februari tunalisikia jina la kwanza. Serikali ya Uganda imeifanya siku hiyo kuwa ya mapumziko kitaifa, na tangu 1998 sanamu ya Luwum imesimama juu ya lango la magharibi la kanisa la Westminster Abbey jijini London, pamoja na za wafiadini wengine tisa wa karne ya 20, wakiwamo Dietrich Bonhoeffer, Óscar Romero na Martin Luther King. Heshima hiyo anaistahili. Hata hivyo, kwa mtu anayefundisha historia, naona hasara moja katika namna tunavyoikumbuka siku hii: tumewashusha wale wawili garini. Tumembakiza askofu peke yake, tukamvika taji, na mkasa mzima ukawa hadithi ya mtakatifu na mnyama. Hadithi ya namna hiyo haimsumbui msikilizaji, kwa sababu yeye si mtakatifu na wala si mnyama. Mawaziri wawili waliokuwa karibu na askofu saa yake ya mwisho ndio wanaotukaribia zaidi mimi na wewe, msomaji, hasa wewe unayelipwa mshahara na serikali.

Turudi nyuma miaka sita.

Jeshi lilipompindua Milton Obote tarehe 25 Januari 1971, watu wengi walishangilia mitaani Kampala, na makanisa hayakuwa nyuma katika furaha hiyo. Baganda walikuwa bado na kidonda cha 1966, Obote alipolituma jeshi kuishambulia Mengo na Kabaka akakimbilia uhamishoni. Idi Amin aliuruhusu mwili wa Kabaka urudishwe ukazikwe nyumbani, akawafungulia wafungwa wa kisiasa, akajitangaza kuwa mtu wa dini zote. Kanisa la Anglikana wakati huo lilikuwa limegawanyika vibaya, Namirembe ikivutana na majimbo mengine, na ilifika mahali Amin mwenyewe akawaita maaskofu na kuwataka wapatane. Ni aibu iliyoje kwa wachungaji kupatanishwa na mwanajeshi, na hasa mwanajeshi yule. Tusiwacheke, lakini. Mwaka 1971 hakuna aliyejua kitakachofuata, na wananchi waliochoka na mtawala mmoja huwa hawamdai mrithi wake hati ya tabia njema.

Miongoni mwa waliomkubali alikuwamo Oryema. Huyu alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Inspekta Jenerali wa Polisi wa Uganda, ofisa aliyelelewa katika nidhamu ya utumishi wa kikoloni na kupanda cheo kwa cheo. Oboth-Ofumbi naye alikuwa mtumishi mwandamizi katika Wizara ya Ulinzi chini ya Obote. Serikali ilibadilika, wao wakabaki. Wakapewa uwaziri, wakaupokea. Sina ushahidi wa kusema kwamba walikuwa watu waovu, na mwanahistoria mwenye haya hatoi hukumu ya namna hiyo kwa sababu tu ya cheo alichoshika mtu. Ninachoweza kusema ni kwamba walifanya alichofanya karibu kila ofisa mwenye elimu katika Uganda ya siku zile: walitegemea kwamba kazi njema, utii na ukaribu na mkubwa vingewakinga. Hiyo nayo ni imani. Ina kanuni zake, ina ibada zake, ina hata sadaka zake.

Dalili kwamba kinga hiyo ni ya karatasi zilionekana mapema. Tarehe 21 Septemba 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka, Mkatoliki aliyepata kuwa Waziri Mkuu kabla ya Obote, alikamatwa na watu wenye silaha katika jengo la Mahakama Kuu, mchana kweupe, asionekane tena. Mwezi uliofuata alitoweka Frank Kalimuzo, Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere. Januari 1973 aliuawa Padre Clement Kiggundu, mhariri wa gazeti la *Munno*, na mwezi huohuo Shaban Nkutu, Mwislamu aliyewahi kuwa waziri. Nawataja hawa kwa makusudi, maana kuna watu hadi leo wanaoieleza Uganda ya Amin kana kwamba ilikuwa vita ya Waislamu dhidi ya Wakristo. Haikuwa hivyo. Ofisi ya usalama iliyoitwa State Research Bureau haikumwuliza mtu kibla chake kabla ya kumtia kwenye buti la gari. Tume ya Kimataifa ya Wanasheria ilikadiria waliouawa katika utawala ule kuwa kati ya watu 80,000 na 300,000. Upana wa makadirio hayo peke yake ni ushahidi: hakukuwa na aliyeruhusiwa kuhesabu.

Tarehe 10 Februari 1973 serikali iliwaua watu hadharani kwa kuwapiga risasi katika miji kadhaa, raia wakilazimishwa kwenda kutazama. Katika uwanja wa Kabale waliletwa vijana watatu. Askofu wa Kigezi, Festo Kivengere, aliomba aruhusiwe kusema nao, akaruhusiwa, akazungumza nao kwa lugha yao ambayo askari hawakuielewa. Alikuja kusimulia kwamba alikwenda pale akitafuta la kuwaambia akalikosa, kisha akakuta wao ndio waliokuwa na la kumwambia yeye, wakiwa na nyuso tulivu kuliko za waliowashika. Kivengere hakuwa mgeni kwa Watanzania. Alikuwa amefundisha Dodoma miaka ya 1940 na 1950, na wazee wa huko walimfahamu kama mwalimu kabla ya kumfahamu kama askofu.

Yeye na Luwum walitoka katika chimbuko moja, na bila kulieleza chimbuko hilo mkasa wa 1977 haueleweki. Ni Uamsho ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930 kati ya Namirembe na Gahini, Rwanda, kwa watu kama Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church, ukasambaa Uganda yote, ukaingia Kenya, ukavuka Kagera hadi Bukoba. Neno letu “mlokole” tumelipata huko, kutoka Kiganda. Siku hizi tunalitumia kwa dhihaka kidogo, tukimaanisha mtu wa kelele na kipaza sauti. Walokole wa mwanzo walikuwa kitu kingine. Kiini cha mwenendo wao kilikuwa kutubu mbele za watu na “kutembea nuruni”: kusema wazi ulichokificha, kumwendea uliyemkosea, kurudisha ulichoiba. Vikundi vyao vilikutana kila juma, na ndani yake karani, mkulima na askofu waliitana ndugu na kukosoana. Sitaki kuwapamba, walikuwa na kiburi chao cha kiroho, na walilisumbua Kanisa kiasi kwamba wakubwa wengine waliwaona kuwa wakorofi. Lakini hebu fikiri, watu waliozoea kwa miaka 30 kusema ukweli unaowaaibisha wao wenyewe wanajengeka namna gani kwa siku watakayotakiwa kusema ukweli unaomwudhi mwenye bunduki.

Luwum alizaliwa Mucwini mwaka 1922, akachunga mifugo, akasoma kwa kuchelewa, akawa mwalimu. Aliokoka tarehe 6 Januari 1948. Mwaka uliofuata aliingia Chuo cha Theolojia cha Buwalasi, baadaye akapelekwa kusoma Canterbury na London, na tarehe 25 Januari 1969 akawekwa wakfu kuwa Askofu wa Uganda ya Kaskazini katika ibada ya wazi mjini Gulu. Miongoni mwa wageni waalikwa walikuwa Rais Obote na mkuu wa majeshi yake, Idi Amin. Mwaka 1974 alichaguliwa Askofu Mkuu.

Hapa ipo sehemu ambayo wapambe wa watakatifu huiruka. Luwum hakuwa mpinzani wa Amin kwa miaka ile ya mwanzo, walau si kwa maana tunayoitumia leo. Alihudhuria sherehe za serikali. Alikwenda Ikulu. Wapo waliomnung’unikia kwamba amekaribiana mno na mtawala, na jibu lake, kwa jinsi wenzake walivyolisimulia, lilikuwa kwamba hajui atakikalia kiti kile kwa muda gani, basi ataitumia kila nafasi aliyo nayo, ikiwa ni pamoja na kumwambia mkubwa lisilompendeza. Alikuwa akienda kuwaombea waliotoweka: huyu ni mtoto wa mjane fulani, yule ni mwalimu, wako wapi? Mara nyingine alipata jibu. Mkakati huu wa kuwa karibu ili uweze kusema ndio hasa ambao Oryema na Oboth-Ofumbi wangeweza kuutaja kama utetezi wao, na ndio ambao maofisa wema wameutaja katika kila utawala mbaya. Tofauti ya watatu hawa, basi, haikuwa umbali wao na Ikulu. Ilikuwa katika swali gumu zaidi: siku ukaribu huo utakapodai ukae kimya, utaondoka na nini?

Siku hiyo ilikaribia mwaka 1976. Baada ya Waisraeli kuwaokoa mateka wao Entebbe mwezi Julai, utawala ulizidi kuwa na hofu na hasira. Agosti askari waliingia Makerere na kuwatenda wanafunzi unyama. Mwezi huohuo viongozi wa Waanglikana, Wakatoliki na Waislamu walikutana kujadili hali ya usalama na kutaka kuonana na Rais. Amin hakulipenda. Viongozi wa dini waliogawanyika aliwajua namna ya kuwatumia. Waliokaa meza moja walikuwa jambo jipya. Januari 1977 kulikuwa na fununu za uasi jeshini, na Waacholi na Walangi wakaanza kuuawa kwa wingi, kambini na vijijini. Luwum alikuwa Mwacholi. Mwishoni mwa mwezi huo, katika ibada ya kumweka wakfu askofu mpya wa Ankole Magharibi, Kivengere alihubiri juu ya thamani ya uhai mbele ya maelfu ya waumini na maofisa wa serikali, na alisema na hao maofisa moja kwa moja juu ya mamlaka waliyokabidhiwa na namna walivyoyatumia.

Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 5 Februari, yapata saa saba na nusu, watu wenye silaha walivunja ua wa nyumba ya Askofu Mkuu huko Namirembe. Walimtanguliza mtu aliyejeruhiwa usoni, ili Luwum adhani ni mwenye shida amekuja kuomba msaada. Alifungua mlango. Wakamwekea mtutu wa bunduki tumboni wakimtaka aonyeshe silaha. Walipekua kila chumba, kanisa dogo la nyumbani, vyumba vya watoto waliolala, hata akiba ya nafaka. Hawakupata kitu. Walipotaka kuondoka waliomba wafunguliwe lango. Mama Mary, mkewe, alisema warudi walikopitia, kwenye ua walioukata. Luwum alisema hapana, wao ni Wakristo, watawafungulia. Akawafungulia.

Nimewahi kulisoma tukio hili pamoja na wanafunzi, na maoni yao hugawanyika kila mara. Wengine huona udhaifu: mtu amevamiwa usiku, bado anawafungulia wavamizi lango kama wageni wa heshima. Mimi naliona kinyume chake. Nyumba ilikuwa yake, lango lilikuwa lake, na yeye ndiye aliyeamua nani atoke vipi. Aliyekuja kumfanya mateka ndani ya nyumba yake akaondoka kwa ruhusa ya mwenye nyumba. Na jambo la pili lilifuata asubuhi: hakunyamaza. Aliandika taarifa ya kila kilichotokea, saa kwa saa, kwa utulivu wa karani. Nyumba ya Yona Okoth, Askofu wa Bukedi, nayo ilikuwa imepekuliwa. Maaskofu wakaitana Namirembe.

Waraka walioutoa, wa tarehe 10 Februari, ungefaa kusomwa katika kila chuo cha utumishi wa umma Afrika Mashariki. Umeandikwa kwa adabu inayokaribia unyenyekevu. Unamwita Rais kwa vyeo vyake. Hautishi, hauitii mapinduzi, hautaji hata chama. Unalofanya ni kueleza kilichotokea, kisha kuliweka mahali pake: kwamba bunduki iliyonunuliwa ili imlinde raia na mali yake sasa inatumika kumnyang’anya raia huyo mali na uhai wake, kwamba ule mtutu uliokuwa tumboni mwa Askofu Mkuu umeelekezwa kwa kila Mkristo, kwamba ikiwa kiongozi anaweza kutendewa hivi, mnyonge wa kijijini anatendewaje. Wakaomba sheria ifuatwe. Nakala zilipelekwa kwa wakubwa wengine serikalini na kwa viongozi wa dini, akiwamo Kardinali Emmanuel Nsubuga.

Kwa miaka mingi Wakristo wetu wamefundishwa kuisoma sura ya 13 ya Waraka kwa Warumi kama amri ya kunyamaza. Maaskofu hawa waliisoma pia, nao walikuwa watiifu kwelikweli. Lakini waliona kwamba mamlaka inayosemwa pale ina kazi iliyopewa, na kumkumbusha mtumishi kazi yake si uasi. Walichelewa? Naam, naamini walichelewa. Miaka sita ilikuwa imepita tangu mapinduzi na zaidi ya minne tangu Kiwanuka achukuliwe. Kanisa lilisema kwa sauti moja pale bunduki ilipofika tumboni mwa askofu wake, na haki inatudai tuseme kwamba kabla ya hapo ilikuwa imefika matumboni mwa wengi wasio na nyaraka. Nasema hivi nikiwa nimeketi salama, na najua ni rahisi.

Tarehe 14 Amin alimwita Luwum Entebbe. Palikuwa na chai na picha, na palikuwa na tuhuma: kwamba silaha za Obote zilifichwa karibu na nyumba yake, kwamba anashirikiana na waliokimbia nchi. Luwum alikana. Marafiki walimsihi akimbie, kwa kuwa wengine walikuwa wamekwisha kukimbia na hakuna aliyewalaumu. Alikataa kuliacha kundi.

Jumatano, tarehe 16, viongozi wa dini, mawaziri, mabalozi na maelfu ya askari walikusanywa katika viwanja vya hoteli ya Nile Mansions, ambayo leo ni Kampala Serena. Silaha zilipangwa uwanjani kama bidhaa za gulio. Zikasomwa karatasi za “maungamo” yanayomtaja Askofu Mkuu. Askari wakaulizwa wafanywe nini wasaliti, wakapaza sauti wauawe.

Niruhusu nichepuke kidogo. Lugha ya jeshi lile ilikuwa Kiswahili, na ni serikali ya Amin iliyotangaza mwaka 1973 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya taifa la Uganda. Sisi tunaosimama majukwaani kukisifu Kiswahili kuwa lugha ya umoja na ukombozi, na mimi nimo, tunapaswa kufahamu kwa nini Mganda wa umri fulani hushtuka akiamrishwa jambo kwa lugha hii. Kwake ni sauti aliyoisikia kwenye kizuizi cha barabarani usiku. Hatutamwondolea kumbukumbu hiyo kwa makongamano.

Baada ya kelele zile maaskofu waliingizwa katika chumba wakangojeshwa, kisha wakaambiwa waende nyumbani. Luwum akazuiwa: Rais anataka kuonana nawe. Wenzake walikumbuka kwamba aliwageukia akatabasamu, akasema anauona mkono wa Bwana katika jambo lile. Kivengere na Silvanus Wani walibaki wakimngojea, wakaenda kuuliza, wakafukuzwa kwa mtutu. Mahali fulani ndani ya jengo hilo, au nje yake, njia ya Askofu Mkuu ilikutana na ya wale mawaziri wawili, ambao nao walikamatwa siku hiyo. Oboth-Ofumbi ndiye aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani ya nchi. Kama polisi wa Uganda wangekuwa bado na kazi yoyote ya maana, ni yeye ambaye mtu aliyekamatwa isivyo halali angempelekea malalamiko.

Hatujui walizungumza nini, na sitabuni mazungumzo. Hakika ni kwamba wote watatu walikufa usiku uleule, mikononi mwa dola ileile, na tangazo lilelile la redio likawafunika. Imani haikumwokoa askofu na risasi. Utii haukuwaokoa mawaziri na risasi.

Linalonishughulisha ni hilo la kwanza, kwa sababu siku hizi yapo mahubiri mengi yanayomwuza Mungu kama kampuni ya bima: lipa, amini, ukingwe. Wahubiri hao wangekuwa na kazi ngumu kuyaeleza mazishi ya Mucwini. Walokole wa kizazi cha Luwum waliikulia hadithi nyingine, ya Shadraka, Meshaki na Abednego katika kitabu cha Danieli. Vijana wale walimwambia mfalme mambo mawili: kwamba Mungu wao anaweza kuwaokoa na tanuri, na kwamba hata asipowaokoa hawataisujudia sanamu. Uzito wa hadithi uko katika hilo la pili, na ndilo tunaloliruka haraka ili tufike kwenye muujiza. Tumaini la aina hii halina mkataba wa matokeo. Kwa mtawala, ni tumaini la hatari kubwa, kwa sababu halina kitu anachoweza kukipiga bei. Waziri anaweza kuogofywa kwa kunyang’anywa cheo. Tajiri, duka. Mtu aliyekwisha kuutoa uhai wake rehani mahali pengine, utamtishia nini?

Serikali ilikataza ibada ya kumkumbuka Askofu Mkuu. Jumapili ya tarehe 20 Februari maelfu walipanda kilima cha Namirembe kwa ibada yao ya kawaida, kama kila Jumapili. Hakuna sheria iliyokatazwa kuvunjwa hapo. Karibu na kaburi la Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885, lilikuwa limechimbwa kaburi jipya kwa ajili ya Luwum, na mwili haukuletwa. Watu wakatoka kanisani wakalizunguka shimo tupu. Askofu Mkuu mstaafu Erica Sabiti, mzee aliyemtangulia Luwum katika kiti kile, akawaelekeza kwenye habari ya kaburi jingine lililokutwa tupu, na waombolezaji wakaanza kuimba. Waliochukua mwili ili pasiwe na mahali pa kukusanyikia walikuwa wamewapa Wakristo alama ambayo hakuna mhubiri angeweza kuitengeneza. Siku hiyohiyo Kanisa la All Saints jijini Nairobi nalo lilijaa.

Kivengere hakuwapo. Yeye na mkewe Mera walikuwa wamevuka milima kwa miguu usiku ule kuingia Rwanda, baada ya kuonywa kwamba zamu yake imefika. Mary Luwum na watoto walikimbilia Kenya. Okoth naye alikwenda uhamishoni. Mwaka huohuo Kivengere alichapisha kitabu kidogo ambacho jina lake liliwaudhi wakimbizi wengi, *I Love Idi Amin*, yaani nampenda Idi Amin. Alieleza kwamba chuki ilikuwa imeanza kumla na kumkausha, na kwamba alilazimika kusamehe ili aendelee kuwa mtu. Nakiri naelewa hasira ya wale wakimbizi. Msamaha unaotangazwa mapema unaweza kumpunguzia mwuaji deni ambalo si la askofu peke yake kulisamehe. Wajane wa Acholi walikuwa na hesabu yao. Lakini Kivengere hakuwa akimfutia Amin mashtaka. Aliendelea kuusema ubaya wa utawala ule kila jukwaa alilopata, na uhuru wake wa kuusema ulizidi kwa kuwa hakuwa akisemea kisasi.

Waliobaki walibaki na kazi. Mwezi Juni mwaka ule Kanisa lilikuwa linatimiza miaka 100 tangu wamisionari wa kwanza wa CMS wafike kwa Kabaka Mutesa tarehe 30 Juni 1877. Kulikuwa na waliodhani sherehe zitaahirishwa. Hazikuahirishwa, umati ulikusanyika Namirembe, chini ya macho ya watu wa usalama. Septemba serikali ilipiga marufuku madhehebu na vikundi 27 vya Kikristo, na waumini wao wakahamia sebuleni na mashambani, wakaimba kwa sauti ya chini. Mwisho wa utawala ulikuja kutoka kusini, baada ya Amin kulivamia eneo la Kagera Oktoba 1978. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979 mikononi mwa majeshi ya Tanzania na ya Waganda waliokuwa uhamishoni, wengi wao wakiwa wamelikimbia gari la aina ileile ya usiku wa tarehe 16.

Na kiti cha Luwum? Kilikaliwa na Silvanus Wani, yule aliyefukuzwa kwa mtutu alipokuwa akimngojea mwenzake. Wani alikuwa Mkakwa, wa kabila moja na Rais, na aliwahi kuwa kasisi jeshini. Wapo waliomshuku papo hapo, wakidhani ukoo utashinda ubatizo. Alikuwa ametia sahihi waraka wa tarehe 10 Februari pamoja na wenzake, na hakuiondoa.